Huyu Ni Nani? Hotuba Kuhusu Viumbe Tusiowaona kwa Macho

(Hotuba hii niliitoa siku ya sayansi katika shule moja ya sekondari wilayani Muheza, mbele ya wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, walimu wao na wazazi. Nimeiandika kama nilivyoisema, nikaongeza maelezo pale ambapo muda ulinibana.)

Mwalimu mkuu, walimu, wazazi wenzangu mliopata kivuli chini ya ule mwembe, na ninyi wanangu mliokaa juani: Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumze juu ya mikrobiolojia, yaani elimu ya viumbe wadogo mno wasioonekana kwa macho matupu. Nimekuja na mmea wa kunde nilioung'oa shambani kwangu asubuhi hii, pamoja na mizizi na udongo wake. Nimekuja pia na jani la muhogo lenye ugonjwa, chupa ya mtindi na chupa ya maji ya dimbwi. Ile iliyofunikwa kanga pale mezani ni hadubini. Naomba isifunuliwe kwanza, tutaifikia.

Nimefanya kazi ya maabara kwa miaka 31. Watu wengi hawaijui kazi yetu. Mgonjwa humwona daktari, humwona nesi, lakini sisi hutuona kupitia kidirisha tu: analeta kikopo cha mkojo au ananyoosha kidole achomwe, kisha anarudi kwenye benchi kusubiri. Nyuma ya kidirisha kile tunaulizwa swali moja tangu asubuhi hadi jioni: huyu ni nani? Daktari ameandika homa, au kikohozi, au kuharisha. Homa ile ile inaweza kuletwa na viumbe wa aina mbalimbali, kila mmoja ana dawa yake, na wengine hawana dawa kabisa. Ukikosea jina, umekosea dawa.

Ndiyo maana nina ugomvi kidogo na neno moja tunalolitumia sana. Mtu akitoka zahanati anasema, "Nimekutwa na wadudu." Wadudu gani? Siafu ni mdudu, mbu ni mdudu, ana miguu sita na unamwona. Kile kinachoonekana kwenye damu ya mgonjwa wa malaria si mdudu, na wala si ndugu wa kile kinachosababisha kipindupindu, ambacho nacho si ndugu wa kile kinachosababisha surua. Tukiviita vyote wadudu, tunaishia kuvitibu vyote kwa dawa moja, na mtaona jinsi jambo hilo linavyotugharimu. Vitabu vyenu vinaviita vijidudu au vijiumbe. Neno vimelea tuwaachie wale tu wanaoishi kwa kumnyonya mwingine, maana wengi wa viumbe hawa hawamnyonyi mtu yeyote.

Kwanza tuelewane kuhusu ukubwa wao. Chukueni rula zenu. Milimita moja, ile nafasi kati ya vistari viwili vidogo, igaweni mara 1,000. Kila kipande kinaitwa mikromita. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 hadi 8. Bakteria wa kawaida wa tumboni ana urefu wa mikromita 2 hivi. Kirusi cha UVIKO-19 ni kama sehemu moja ya kumi ya mikromita. Kwa maneno mengine, bakteria yule akiwa basi linalotoka hapa kwenda Tanga, kirusi ni begi la abiria mmoja lililowekwa kwenye buti. Nawaomba mkumbuke basi na begi, kwa sababu tofauti kati yao si ukubwa peke yake. Basi lina injini yake. Begi halina injini, linasubiri kubebwa.

Aliyewaona viumbe hawa kwanza hakuwa daktari wala msomi wa chuo. Alikuwa muuza vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, jina lake Antonie van Leeuwenhoek. Wauza vitambaa wa zama zile walikuwa wakitumia vioo vya kukuza kukagua nyuzi za nguo, na yeye akajifunza kusaga lenzi ndogo mwenyewe, mpaka zikawa na nguvu kuliko za mtu mwingine yeyote. Mwaka 1674 alichota maji ya ziwa, akayatazama, akaona yamejaa viumbe hai wanaokimbia huku na huko. Mwaka 1683 alikwangua uchafu mweupe kwenye meno yake mwenyewe akawakuta na humo. Hakuwa na mwalimu wa somo hilo, maana somo lenyewe halikuwepo. Alikuwa na subira, na alikuwa akichora anachokiona.

Ilichukua karibu miaka 200 baada ya hapo kuthibitisha kwamba baadhi yao ndio wanaoleta maradhi. Mtaisoma habari ya Louis Pasteur wa Ufaransa na Robert Koch wa Ujerumani. Tarehe 24 Machi 1882 Koch alisimama Berlin akatangaza kwamba amempata bakteria wa kifua kikuu, na ndiyo sababu kila mwaka tarehe hiyo ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Sitakaa sana hapo. Ninachotaka mjue ni kwamba Koch huyo huyo alifika hapa kwetu. Geukeni mtazame ile milima ya Usambara. Kule juu, Amani, Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti mwaka 1902, na mwaka 1906 Koch alifanya kazi huko kwa muda, akichunguza vimelea vya malale, ule ugonjwa wa usingizi, kabla ya kwenda kwenye visiwa vya Ssese, Ziwa Viktoria.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1905, alikuwa ameshafuatilia homa iliyokuwa ikiwaangusha wasafiri wa njia za misafara: homa inapanda, inashuka, mtu anadhani amepona, baada ya siku kadhaa inarudi. Koch alithibitisha kwamba inaenezwa na kupe anayejificha kwenye nyufa za sakafu za udongo na kuuma usiku. Wazee mlioko pale mnamjua kupe huyo. Mnamwita nani? Papasi, ndiyo. Nimemsikia babu mmoja akisema "homa ya papasi." Jina hilo wazee wetu walikuwa nalo bila hadubini. Walichokuwa hawana ni macho ya kuona kilichomo ndani ya papasi: bakteria mwembamba aliyejisokota kama waya wa springi, ambaye Koch alimkuta hata ndani ya mayai ya kupe huyo. Katika mwaka huo huo daktari Mwingereza, Joseph Dutton, alikuwa akimtafuta bakteria huyo huyo upande wa Kongo. Homa hiyo ilimpata, akafia huko mwezi Februari 1905, na leo bakteria yule anabeba jina lake.

Nisiwafiche upande wa pili. Kule Ssese, Koch aliwatibu wagonjwa wa malale kwa dawa yenye aseniki, ambayo ni sumu, akaongeza vipimo vya dawa, na baadhi yao wakapofuka. Waliopofuka walikuwa watu wa visiwani, na majina yao hayamo kwenye vitabu mnavyosoma. Anayesoma sayansi hii lazima ajue na hilo.

Sasa tuwatazame wenyewe, na tuanze na bakteria, kwa sababu ndio niliokaa nao maisha yangu yote.

Bakteria ni chembe moja hai, yaani seli moja, imejitosheleza. Ina ukuta, ina chakula chake, ina maagizo yake ya urithi yanayoelea ndani bila kufungiwa kwenye kiini kama cha chembe zetu. Inakua, kisha inajigawa mara mbili. Aina zenye haraka hufanya hivyo kila baada ya dakika 20 zikipata joto na chakula. Fanyeni hesabu: mama amepika wali, ukabaki, sufuria ikaachwa mezani saa 2 usiku. Bakteria mmoja wa aina hiyo asipozuiwa na kitu, kufikia saa 12 asubuhi amejigawa mara 30. Mbili kwa mbili kwa mbili, mara 30, ni zaidi ya bilioni moja. Tena kuna bakteria wa kwenye wali anayejifunga ndani ya ganda gumu linalovumilia hata kuchemka, kisha wali ukipoa anafunguka. Anatoa sumu ambayo kupasha kiporo moto hakuiondoi. Kwa hiyo tunapowaambia msile kiporo kilicholala nje, hatuwadharau wala hatuchukii kiporo. Kiwekeni kwenye baridi mapema, au kipikeni kidogo kiishe.

Lakini shikeni hii kunde, muipitishe. Taratibu, msikung'ute udongo. Mnaona vile vinundu kwenye mizizi, vidogo kama mbegu za ulezi? Mkulima asiyejua anadhani ni ugonjwa. Pasua kimoja kwa ukucha. Ndani kuna rangi gani? Msichana wa pale anasema nyekundu, kama nyama. Ndiyo. Hayo ni makazi ya bakteria wanaoitwa raizobia. Zaidi ya robo tatu ya hewa mnayovuta ni naitrojeni, na mmea unaihitaji sana, lakini hauwezi kuichukua kutoka hewani. Bakteria hawa wanaweza. Mmea unawapa sukari na nyumba, wao wanaupa naitrojeni, na ile rangi nyekundu ni protini inayofanana sana na ile iliyomo kwenye damu yenu, iliyopo pale kuzuia oksijeni isiwaharibie kazi. Ukikuta ndani ni nyekundu, ujue kazi inaendelea. Ukikuta ni kijivu au kijani, wamechoka au hawafai. Bibi zetu waliochanganya kunde na mahindi shamba moja walikuwa wakiwafuga bakteria hawa bila kuwaona.

Na mtindi huu ni kazi yao. Bakteria wanaokula sukari ya maziwa wanatoa asidi. Asidi inayagandisha maziwa, na asidi hiyo hiyo inawafukuza wengi wa wale wanaoozesha. Ndani ya mwili wa mtu mzima mna bakteria wanaokadiriwa kufikia trilioni 38, idadi inayokaribiana na kuzidi kidogo ile ya chembe za mwili wenyewe. Wengi wako kwenye utumbo mpana. Wanatusaidia kusaga chakula, wengine wanatengeneza vitamini, na kwa kukalia nafasi wanawazuia wageni wabaya wasipate pa kukaa.

Tunawatofautishaje? Mwaka 1884 daktari wa Denmaki, Hans Christian Gram, alibuni njia ambayo sisi tunaitumia mpaka leo, kila siku. Unapaka sampuli kwenye sleidi, kile kipande chembamba cha kioo, inakauka, unaipitisha kwenye moto ishike. Unamwaga rangi ya zambarau, kisha ayodini, kisha unasuuza kwa spiriti, kisha unamwaga rangi nyekundu. Bakteria wenye ukuta mnene wanabaki na zambarau. Wenye ukuta mwembamba wanaachia zambarau wakisuuzwa, na kuchukua ile nyekundu, wakawa wa waridi. Ni kazi ya dakika chache tu, na tayari daktari ameshajua dawa gani aanze nayo. Sijui kitu kizuri zaidi katika maabara kuliko pale sleidi inapotulia chini ya lenzi na zile rangi mbili zinajitenga.

Bakteria wa kifua kikuu hakubali njia hiyo vizuri, kwa sababu ukuta wake umejaa nta. Huyo tunampaka rangi nyekundu kali na kuipasha sleidi kwa moto mpaka mvuke uanze kupanda, bila kuchemka, ili nta ilegee na rangi iingie. Kisha tunasuuza kwa asidi. Wengine wote wanapoteza rangi, yeye anaing'ang'ania. Mwisho tunaweka buluu. Ukitazama, unaona uwanja wa buluu, na ndani yake vijiti vyekundu vyembamba, wakati mwingine kimoja tu, wakati mwingine vimelaliana kama njiti za kiberiti zilizomwagika.

Nawaambieni kwa nini naikumbuka sana sleidi hiyo. Mama yangu mkubwa, aliyenilea, alikohoa miezi mitano. Mimi nilikuwa mkoa mwingine, kazini. Kila akienda kwenye duka la dawa alikuwa akipewa dawa ya maji ya kikohozi na vidonge vya rangi mbili. Hakuna aliyemwambia atoe makohozi. Nilipokuja likizo nikamkuta amekonda, nguo zinamvaa yeye. Nilimbeba kesho yake alfajiri. Sleidi niliipaka kwa mkono wangu, kwa ruhusa ya mwenzangu wa zamu, na nilipoweka tone la mafuta na kuzungusha lenzi, sikuhitaji kutafuta. Vilikuwa vimejaa. Nililia pale pale kwenye kiti, kisha nikaandika majibu. Mama alimeza dawa miezi sita kamili na akapona, akaishi miaka mingine mingi. Lakini muda wote ule alipokuwa akilishwa rangi mbili, bakteria walikuwa wakiendelea kumla mapafu, na alikuwa akilala chumba kimoja na wajukuu wawili.

Siku hizi kuna mashine inayosoma vinasaba vya bakteria huyo na kutoa jibu ndani ya saa mbili, na Morogoro kuna panya buku waliofunzwa na shirika la APOPO kumnusa kwenye makohozi. Vipimo na dawa za kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali. Ukikohoa wiki mbili, au unaishi na anayekohoa hivyo, nenda ukatoe makohozi. Hilo tu nawaomba mkalipeleke nyumbani.

Kuna kundi ambalo zamani lilihesabiwa kuwa bakteria, mpaka mwaka 1977 Carl Woese na George Fox wa Marekani walipolinganisha vinasaba vyao wakaona ni ukoo mwingine kabisa. Wanaitwa arkea. Wengi wanapenda mahali ambapo kiumbe mwingine angekufa. Ziwa Magadi kule Kenya na Ziwa Natron hapa kwetu yana maji ya magadi makali yanayochubua ngozi, na bado wako humo, na ule wekundu unaoonekana maji yanapokauka unatokana na viumbe wa namna hii. Mmoja wao amepewa jina la Magadi yenyewe. Hawajulikani kumletea mtu ugonjwa.

Fangasi, au kuvu, mnawajua zaidi kuliko mnavyodhani. Uyoga ni kuvu. Hamira ya maandazi ni kuvu wa chembe moja. Mba na mapunye ni kuvu. Ukuta wa chembe zao umejengwa kwa kitu kile kile kilichojenga ganda la kamba wa baharini, na kwa ukoo wako karibu na wanyama kuliko mimea. Kutoka kwa kuvu mmoja aliyeota kwa bahati kwenye kisahani cha Alexander Fleming, London, mwaka 1928, tulipata penisilini, dawa ya kuua bakteria.

Lakini kuvu aliye ghalani mwenu ndiye anayeninyima usingizi. Mahindi au karanga zikivunwa zikahifadhiwa mbichi, huota ukungu wa kijani-manjano, na baadhi ya ukungu huo hutoa sumukuvu. Sumu hiyo haina harufu ya kukuonya, na kupika hakuimalizi. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 kati yao wakafariki. Miaka kumi na miwili kabla, mashariki mwa Kenya, waliougua walikuwa 317 na waliokufa 125. Wazazi wangu, hakikisheni mahindi yamekauka kabla ya kuyaweka. Chukua chupa kavu, tia mahindi kiasi cha robo yake na chumvi kavu vijiko vichache, funga, tikisa vizuri, acha kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji. Yarudishe juani, juu ya turubai, wala si juu ya udongo.

Protozoa nao ni wa chembe moja, lakini chembe yao ina kiini kama yetu, na ni wakubwa kuliko bakteria. Wa malaria anaingia kabisa ndani ya chembe nyekundu ya damu. Tukipaka rangi, tunamwona kama pete ndogo ya buluu yenye kito chekundu. Daktari Mfaransa, Alphonse Laveran, ndiye aliyemwona kwanza, mwaka 1880, akiwa Algeria. Ndugu yake wa mbali, wa malale, haingii ndani ya chembe. Anaogelea katikati yao kama samaki mkunga, na anaenezwa na mbung'o. Kuanzia mwaka 1900, kwa miaka ishirini hivi, malale iliua watu zaidi ya laki mbili pembezoni mwa Ziwa Viktoria upande wa Uganda. Wako pia protozoa wengi mno wasiomdhuru mtu, wanaokula bakteria kwenye maji na udongo. Na kwenye maji hayo hayo kuna mwani wa chembe moja, ambao pamoja na bakteria wa kijani-buluu hutoa karibu nusu ya oksijeni inayotengenezwa duniani. Kila pumzi ya pili mnayovuta inadaiwa na viumbe wa baharini msiowaona.

Sasa lile begi lisilo na injini. Virusi.

Kirusi si chembe. Ni maagizo ya urithi yaliyofungwa ndani ya gamba la protini, basi. Hakili, hakipumui, hakijigawi. Kikiingia ndani ya chembe hai, kinaigeuza chembe ile iwe kiwanda cha kukitengeneza. Pitisheni jani hili la muhogo. Mnaona mabaka ya manjano, na jinsi lilivyojikunja upande? Ninyi nyote mna jina lake: batobato. Ugonjwa huu uliandikwa na wataalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1894, kutoka kwenye milima hii hii ya Usambara. Ule mwingine, wa michirizi ya kahawia, ulielezwa mwaka 1936 na H. H. Storey, mtafiti wa pale Amani. Huo ni mbaya kwa namna yake. Majani yanaweza kuonekana yana nafuu, mkulima anasubiri mwaka mzima, siku ya kuchimba anakata muhogo na kukuta ndani kuna madoa makavu ya kahawia, hauliki na hauuziki.

Virusi hivyo hubebwa na inzi weupe wadogo wanaokaa chini ya jani. Lakini hubebwa zaidi na sisi, tunapokata pingili kutoka kwenye shina lenye ugonjwa na kumpa jirani kama mbegu. Hakuna dawa ya kupulizia inayoua kirusi ndani ya mmea. Kwa hiyo watafiti wa Amani walifuata njia nyingine: waliuzalisha muhogo pamoja na jamaa yake, ule mti wa mpira ambao Wajerumani walikuwa wameupanda mashambani huku, wakapata mihogo inayostahimili. Damu ya kazi ile imo bado kwenye baadhi ya mbegu zinazopandwa Afrika Mashariki. Mkitoka hapa, nendeni shambani, chagueni shina safi tangu likiwa kijani, lifungeni utepe, na pingili zenu zitoke hapo tu.

Kirusi kingine kina jina la kwetu dunia nzima. Mwaka 1952, kwenye uwanda wa Makonde, upande wa Newala, kulizuka homa iliyowakunja watu kwa maumivu ya viungo. Wamakonde wakaiita chikungunya, kwa sababu ya jinsi ilivyompinda mtu, na leo madaktari wa India na Brazili wanatumia neno hilo la Kimakonde.

Hapa ndipo narudi kwa wale "wadudu." Penisilini na jamaa zake hufanya kazi kwa kuvuruga ukuta wa bakteria, viuavijasumu vingine, yaani dawa nyingine za kuua bakteria, huvuruga mtambo wa ndani wa bakteria. Kirusi hakina ukuta huo wala mtambo huo. Ukiwa na mafua ukameza vile vidonge vya rangi mbili, ambavyo ni viuavijasumu, mafua hayajaguswa. Walioguswa ni wale bakteria trilioni 38 wa mwilini mwako. Walio dhaifu wanakufa, na aliyekuwa na uwezo wa kuhimili anabaki peke yake na nafasi tele, anajigawa, na anaweza hata kumgawia jirani wa aina nyingine vinasaba vya uhimilivu wake. Huo ndio usugu wa dawa. Fleming mwenyewe alionya juu yake mwaka 1945. Nimeotesha usaha wa mtoto mchanga, nikaweka vikaratasi vidogo vyenye dawa sita tofauti kuzunguka, kesho yake nikakuta bakteria wameota mpaka ukingoni mwa vikaratasi vyote sita. Hakuna karatasi ngumu kuijaza kama ile.

Dhidi ya virusi, silaha yetu kubwa ni chanjo. Ndui, iliyoacha makovu kwenye nyuso za babu zetu, mgonjwa wake wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa Merca, Somalia, mwaka 1977. Mwaka 1980 ilitangazwa kwamba imekwisha duniani. Imekwisha kweli, hakuna hata mmoja wenu mwenye kovu lake.

Muda wangu unakaribia kwisha, na jua limepanda. Hayo maji ya dimbwi nimeyachota nyuma ya soko saa 1 asubuhi. Mtapanga foleni kuanzia kwenye ule mlango. Tutaanza na lenzi ndogo. Weka jicho karibu lakini usiliguse kioo, na zungusha skrubu ndogo tu. Ile kubwa niachieni mimi, isije ikavunja sleidi. Utaona kitu kinachofanana na soli ya kandambili kikipita kwa kasi huku kinajizungusha. Usiniulize jina lake kwanza. Mtazame: ana vinyweleo? Anakwenda moja kwa moja au anageuka akigonga kitu? Kuna kitu cha kijani ndani yake? Chora kwenye daftari, uandike na saa. Wewe binti uliyesema nyekundu kama nyama, njoo uanze. Funua hiyo kanga.